Ruiru Ina Watu Wangapi? Barua ya Wazi kwa Wanaopanga Shahada za Takwimu

Kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE),
kwa maseneti ya vyuo vikuu vya Ruiru, Juja na Thika,
na kwa wenyeviti wa idara zinazofundisha takwimu na sayansi ya data.



Ripoti ya Sensa ya 2019 ina majibu mawili kwa anayeuliza Ruiru ina watu wangapi. Jedwali la kaunti ndogo linasema 371,111. Jedwali la miji linasema 490,120. Yote mawili ni ya Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), na hakuna lililokosea: la kwanza limefuata mpaka wa utawala, la pili limefuata mji ulivyotanda, na mji wa Ruiru umeuvuka mpaka huo. Baina ya nambari hizo mna watu 119,009, karibu nusu ya wakazi wa mji wa Thika, ambao sensa hiyohiyo iliwahesabu kuwa 251,407. Mhandisi wa maji akishika nambari ya jedwali lisilo lake, mabomba yake yatakuwa na kiu kabla hayajafukiwa.

Kuigundua tofauti hiyo, kuuliza mpaka ulichorwa wapi, kisha kujua ni nambari ipi inayojibu swali lipi: hiyo ndiyo takwimu. Kujumlisha na kugawanya ni kazi ya mashine. Shahada ya kwanza ya takwimu, kama inavyofundishwa katika madarasa mengi ya Kenya, imelipa kisogo jambo la kwanza na kulikumbatia la pili. Hilo ndilo lalamiko la barua hii.

Barua inaelekezwa Ruiru, Juja na Thika kwa sababu ni sehemu chache za Afrika Mashariki zilizo na wanafunzi wengi wa hesabu katika kipande kifupi cha barabara namna hii. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kilianza Juja mwaka 1981 kama chuo cha kadiri kwa msaada wa Japani, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994, na leo kinafundisha takwimu na sayansi ya bima kwa shahada ya kwanza. Ndani ya ua wake imo taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika inayofundisha hisabati na takwimu kwa uzamili na uzamifu. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko Thika, Zetech kiko Ruiru, na Kenyatta kiko Kahawa, hatua chache kabla ya matatu kuingia Ruiru. Lipo na jambo lingine ambalo wengi wamelisahau. Vishikwambi vilivyotumika kuhesabu Wakenya usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019, sensa ya kwanza nchini kuacha karatasi, vilinunuliwa kutoka JKUAT na Chuo Kikuu cha Moi. Mahali palipotoa vyombo vya kuhesabia taifa, haifai mwanafunzi wa takwimu amalize miaka minne bila kugusa data iliyotoka ndani ya vyombo hivyo.

Malalamiko yenyewe, pamoja na maombi, ni haya:

1. Data huletwa darasani ikiwa imeshaoshwa. Zoezi la kawaida humpa mwanafunzi nambari 10 au 20 zilizopangwa safu moja na kumtaka atafute wastani, mtawanyiko, kisha ajaribu dhana tete. Nambari hizo hazina mwenyewe. Hazikuandikwa na karani aliyechoka, hazikunakiliwa kutoka kwenye daftari lililolowa mvua, hazina mtu aliyeandikwa mara mbili kwa majina mawili. Data ya kweli huja chafu. Chukua swali jepesi kuliko yote katika dodoso lolote: una miaka mingapi? Katika sensa nyingi za Afrika umri wa watu hurundikana kwenye miaka inayoishia na 0 na 5, kwa kuwa asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa husema 40 au 45 na karani huandika. Wataalamu wa idadi ya watu wana kipimo cha mrundikano huo, kinachoitwa kipimo cha Whipple, na wana njia za kuusawazisha. Mwanafunzi aliyezoea data iliyooshwa hatauona mrundikano. Ataupita kama alivyofundishwa kupita, atatoa wastani wenye desimali nne, na wastani huo utaingia katika ripoti ya mtu mwingine.

Ajabu ni kwamba shamba la mafunzo lipo mlangoni. Kituo cha Utafiti wa Kahawa kiko Ruiru. Hapo ndipo ilipotoka aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 baada ya miaka ya kuzalisha na kupima miche inayostahimili ugonjwa wa chulebuni, ambao ulionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 1922. Mbuni hauzai kwa haraka ya muhula. Mtafiti anayelinganisha aina mbili za mbuni hana budi kushindana na mteremko wa shamba, na kivuli, na udongo uliorutubishwa na mtu aliyelima hapo kabla yake. Mti ulio karibu na mto utazaa vizuri hata kama mbegu yake ni duni. Ndiyo maana shamba hugawanywa katika vitalu vinavyofanana, na ndani ya kila kitalu miche hupangiwa nafasi zake kwa kura, ili bahati ya ardhi isigeuke kuwa sifa ya mbegu. Mbinu hiyo ilijengwa na Ronald Fisher katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alikoanza kazi mwaka 1919, na kitabu chake kuhusu upangaji wa majaribio kilitoka mwaka 1935. Kwa maneno mengine, sura nzima ya mtaala ambayo wanafunzi wa Juja huikariri kwa herufi za Kigiriki ilizaliwa shambani, na shamba la namna hiyo liko safari fupi ya matatu kutoka darasani.

Ombi: kila mwanafunzi wa mwaka wa pili akae angalau msimu mmoja na jaribio la kweli la kilimo, aone miche ikipangiwa nafasi, apime mwenyewe, aandike mwenyewe, na ripoti yake ihesabiwe alama sawa na mtihani. Makubaliano kati ya idara na kituo cha utafiti hayahitaji jengo jipya.

2. Programu huandikwa kwa kalamu. Bado ipo mitihani ambayo mwanafunzi hutakiwa kuandika amri za kompyuta kwenye karatasi ya majibu, mhadhiri asahihishe koma kwa jicho. Ni sawa na kumtahini dereva kwa insha. Kompyuta ina faida moja ambayo karatasi haina, nayo ni kukataa: amri ikikosewa, mashine hugoma, na mwanafunzi hujifunza kutafuta kosa lake. Ujuzi wa kutafuta kosa ni nusu ya kazi hii, na karatasi haiupimi.

Husemwa kwamba fedha ndiyo kizuizi. Kizuizi hicho ni kidogo kuliko kinavyotajwa. Lugha ya R, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, hutolewa bure, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Python nayo ni bure. Idara inayoendelea kufundisha kwa programu ya kulipia inamfunga mwanafunzi kwa kamba mbili: akiwa chuoni hutegemea maabara yenye mashine chache, na akihitimu hana leseni, hivyo hubaki na nakala ya wizi au mikono mitupu. Ombi ni kwamba mitihani yote inayohusu programu ifanyiwe kwenye kompyuta, kwa zana za bure, kuanzia mwaka wa kwanza.

3. Jina jipya, nguo ileile. Neno "sayansi ya data" lina soko, na vyuo vimelisikia soko hilo. Si neno la kuzuka. Mwaka 1962 mtakwimu wa Marekani John Tukey aliandika kwamba uchambuzi wa data ni sayansi inayojitegemea na wala si tawi la hisabati tu, na mwaka 2001 William Cleveland akapendekeza taaluma ya takwimu ipanuliwe ichukue kompyuta na matumizi yake, akaiita kwa jina hilo hilo. Kwa hiyo jina lina maana yake. Shahada inayolibeba inapaswa kuwa na mambo yasiyopungua matatu: takwimu kamili, pamoja na nadharia ya uwezekano na usanifu wa sampuli; programu na hifadhidata, yaani mwanafunzi aweze kuchota rekodi milioni moja bila kuomba msaada; na eneo moja la matumizi, liwe afya, kilimo, fedha au usafiri, analolijua kwa undani. Shahada ya zamani iliyoongezewa masomo mawili ya kompyuta na bango jipya haifiki hapo.

Anayeumia ni kijana aliyetoka kufanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Huchagua kozi kwenye mtandao wa KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, kwa kusoma jina, kwa kuwa jina ndilo analoona. Hajui mtaala, wala mzazi wake hajui. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipoanza mwaka 2023 kilikuwa na shahada ya sayansi ya data miongoni mwa kozi zake za kwanza, na vyuo vingine vinafuata. Ushindani ni mzuri, lakini unahitaji mwamuzi. CUE ndiyo yenye mamlaka, chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, ya kuidhinisha kozi. Inaombwa itangaze hadharani kiwango cha chini cha masomo kwa shahada yoyote itakayoitwa ya sayansi ya data, na ivitake vyuo vichapishe mtaala mzima, somo kwa somo, kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa.

4. Hisabati isipunguzwe. Ipo sauti inayodai kwamba enzi ya ujifunzaji wa mashine imeondoa haja ya kalkulasi na aljebra ya mstari. Sauti hiyo ipuuzwe. Lililo na kasoro ni mpangilio: mwanafunzi husoma hisabati miaka miwili bila kuonyeshwa inakokwenda. Masomo yabaki, ila kila moja lifungwe kwa data.

5. Maadili hayana kiti. Nambari za Kenya hugawa fedha na viti vya mamlaka. Idadi ya watu imo katika fomula ya kugawia kaunti mapato, na imo katika uchoraji wa maeneo bunge. Baada ya sensa ya 2009, waziri wa mipango Wycliffe Oparanya alitangaza mwaka 2010 kufutwa kwa matokeo ya wilaya 8 za kaskazini kwa kuwa ongezeko la watu halikuaminika, na kesi zikafuata. Mwanafunzi wa takwimu wa Thika akiuliza nani alikuwa sahihi, serikali au wakazi, yampasa apewe nyaraka na hoja za pande zote atoe jibu lake. Ni somo la muhula mzima, na hakuna kitabu cha kigeni kitakacholifundisha.

Kisha kuna mambo ya simu. Boda boda wa Ruiru anayeomba mkopo wa shilingi elfu mbili saa nne usiku hukubaliwa au kukataliwa na kanuni iliyoandikwa na mtu aliyesoma takwimu. Zipo kampuni zilizosoma orodha za mawasiliano ya wadeni na kuwapigia simu jamaa zao kuwaaibisha, mpaka sheria ikabadilishwa mwishoni mwa 2021 kuwaweka wakopeshaji hao chini ya Benki Kuu. Mwaka 2023 Wakenya walipanga foleni kupigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, kwa ahadi ya malipo, na serikali ikasimamisha shughuli hiyo mwezi Agosti. Sheria ya Ulinzi wa Data imekuwapo tangu Novemba 2019. Ombi ni fupi: sheria hiyo isomwe kwa lazima, na asiyeifaulu asihitimu.

6. Atachimenti za chai. Mtaala huagiza mwanafunzi apelekwe ofisini kwa miezi michache apate mafunzo kazini. Wengi hurudi wakijua kutumia mashine ya fotokopi. Ofisi haina kosa kubwa, kwa maana haikuambiwa impe nini. Idara ndiyo iliyomtuma mtu bila swali.

Maswali yamejaa njiani. Kampuni za maji, RUJWASCO ya Ruiru na Juja na THIWASCO ya Thika, kama zilivyo kampuni zote za maji nchini, hupoteza sehemu ya maji kati ya bwawa na bili: mengine huvuja, mengine huibwa, mengine hupita kwenye mita zilizokufa. Msimamizi wa sekta, WASREB, huchapisha kila mwaka kiasi cha maji hayo yasiyolipiwa kwa kila kampuni. Kujua ni mtaa gani unaovuja na ni upi unaoiba ni kazi ya sampuli, ramani na mifano ya takwimu, na ni kazi ya miezi mitatu inayomtosha mwanafunzi mmoja. Hospitali ya Thika Level 5 ina foleni zinazoweza kupimwa kwa saa na siku. Viwanda vya Thika vina mashine zinazotoa bidhaa mbovu kwa kiwango fulani, na udhibiti wa ubora ni tawi la takwimu lenye umri wa karibu miaka 100. Idara zinaombwa zikubaliane mapema na ofisi juu ya swali moja kwa kila mwanafunzi, na alama zitolewe kwa jibu, si kwa muhuri wa mahudhurio.

7. Matokeo hayasemeki kwa Kiswahili. Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hata hivyo mhitimu anayeweza kuandika kurasa 60 kuhusu rigresheni hubabaika akitakiwa kumweleza mkulima wa Gatundu maana ya ukingo wa makosa. Kila tasnifu ya mwaka wa nne iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza swali, njia na jibu. Ukurasa mmoja tu.

Yapo majibu yatakayotolewa, na mengine yana uzito. Wahadhiri ni wachache, madarasa yamefurika, vyuo vina madeni. Kusahihisha ripoti 200 za data tofauti ni mzigo kuliko kusahihisha majibu 200 yanayofanana. Hayo ni kweli. Ila majirani wameonyesha kwamba njia nyingine inapitika. Dar es Salaam kipo EASTC, Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kinachofundisha takwimu rasmi kama kazi ya mikono, kwa kuwa ofisi za takwimu za serikali ndizo zinazowasubiri wahitimu wake. Makerere ilikuwa na taasisi yake ya takwimu na uchumi tumizi tangu 1969, na watafiti wa kompyuta wa chuo hichohicho wamefundisha mashine kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha zilizopigwa na simu shambani. Hata Nyeri, saa mbili hivi kutoka Thika, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiliandaa mwaka 2015 warsha ya kwanza ya Data Science Africa, ambapo washiriki walifundishwa wakiwa na data na kompyuta mbele yao. Walichokuwa nacho cha ziada ni nia, maana hela hazikuwa nyingi.

KNBS inapewa nakala ya barua hii kwa ombi moja pekee. Rekodi za sampuli ya sensa, zikiwa zimeondolewa majina na kila alama ya kumtambulisha mtu, ziwafikie wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa utaratibu mwepesi, bila barua tano na muhuri wa mkuu wa kitivo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaelekea upande huo.

Sensa hufanyika kila baada ya miaka 10, kwa hiyo ijayo ni ya 2029. Shahada ni ya miaka minne. Watakaoandaa dodoso, kuchora maeneo ya kuhesabia na kusafisha rekodi za watu milioni hamsini na kitu ni vijana wanaoingia madarasani katika miaka hii. Mtaala ukichelewa muhula mmoja mmoja, sensa itafika na kukuta watu wanaojua kuhesabu wastani wa nambari 20.

Mengi katika orodha hii yanahitaji vikao, na vikao vya seneti havina haraka. Moja halihitaji kikao. Mhadhiri wa mwaka wa kwanza, Ruiru, Juja au Thika, anaombwa aweke swali hili katika mtihani ujao, awape watahiniwa kompyuta, majedwali ya 2019 na saa moja: Ruiru ina watu wangapi, na ni kwa maana ipi ya Ruiru?